Kura Isiyopotea: Vijiji Viruhusiwe Kuchagua kwa Vipaumbele



Katikati ya mwezi Januari mwaka 2025 nilikwenda nyumbani wilayani Ngara, nikafika hadi Murukulazo kumjulia hali shangazi yangu. Tulikaa barazani akichambua maharage, nami nikamuuliza kama alipiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Hakunijibu moja kwa moja. Alinirudisha nyuma miaka kumi, hadi uchaguzi wa 2014, ambao kwake ndio wa mwisho aliouona una ushindani wa kweli kitongojini kwao. Wagombea walikuwa watatu. "Baba," akaniambia, "yule wa kwanza moyoni mwangu sikumpa. Waliniambia ukimpa huyo, kura yako imepotea. Nikampa wa pili. Akashinda wa tatu."

Alisema hivyo akicheka, kisha akarudi kwenye maharage yake. Mimi sikucheka. Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka mingi nikieleza mifumo ya uchaguzi, na sikumbuki kama nimewahi kuifafanua kasoro ya mfumo wetu kwa maneno machache namna hiyo. Makala haya ni jitihada ya kumjibu.

Mfumo tunaoutumia ni wa wingi wa kawaida. Anayepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake ndiye mshindi, hata kama jumla ya waliomkataa ni kubwa kuliko jumla ya waliomkubali. Wagombea wakiwa wawili, kasoro hii haionekani, kwa kuwa mmoja wao lazima avuke nusu isipokuwa wakifungana. Wakiwa watatu au zaidi, mpigakura analazimika kufanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kuamua anamtaka nani, na kukisia majirani zake watamtaka nani. Kura yake inaacha kuwa tamko la dhamiri, inakuwa kamari. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno tunalolisikia kila msimu wa kampeni, kwamba kura ya fulani "itapotea".

Zipo njia za kuondoa kamari hiyo, na mojawapo ni kura ya vipaumbele. Mpigakura hawekewi sharti la kuchagua jina moja tu. Anaandika 1 mbele ya mgombea anayempenda kuliko wote, 2 mbele ya yule ambaye angemkubali endapo wa kwanza hatafaulu, na 3 mbele ya anayefuata. Kwanza zinahesabiwa chaguo za kwanza pekee. Akipatikana aliyevuka nusu ya kura halali, kazi imekwisha. Asipopatikana, mgombea wa mwisho anaondolewa, na kila karatasi iliyokuwa yake inahamia kwa yule ambaye mpigakura alimwandikia 2. Hesabu inaendelea hivyo mpaka mmoja avuke nusu ya kura zilizobaki katika ushindani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kina kura halali 600. Mgombea wa kwanza amepata 240, wa pili 210, wa tatu 150. Kwa utaratibu wa sasa wa kwanza anaapishwa, ingawa wanakijiji 360 hawakumtaka. Kwa kura ya vipaumbele, yule wa tatu anaondoka na karatasi zake 150 zinafunguliwa upya. Tuseme 110 zimemwandikia 2 mgombea wa pili, 25 zimemwandikia wa kwanza, na 15 hazikuandika chaguo jingine. Wa pili anafikisha 320, wa kwanza 265. Kijiji kimepata mwenyekiti ambaye zaidi ya nusu ya waliopiga kura wanamkubali, kwa siku moja, bila kurudi kituoni mara ya pili.

Msomaji wa mjini anaweza kuuliza kwa nini jambo hili lipewe uzito kwa ajili ya mwenyekiti wa kijiji. Ni kwa sababu hajakaa katika wilaya ya mpakani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na ugawaji wake unahitaji idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Vyombo vyote viwili vinaongozwa na mwenyekiti. Yeye ndiye anayekaa katikati pale mfugaji na mkulima wanapogombania bonde. Kwetu Ngara ana mzigo mwingine ambao mwenyekiti wa Morogoro au Lindi haujui kwa kiwango hicho: anaulizwa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Wilaya hii inapakana na Rwanda na Burundi. Lugha zetu, Kihangaza na Kishubi, ni ndugu wa karibu wa lugha zinazosemwa ng'ambo, na ndoa hazijawahi kuusoma mpaka kwenye ramani. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, na miongoni mwa waliojikuta wakitakiwa kujieleza walikuwamo watu walioishi hapa kwa miongo kadhaa. Hadi leo kijana wa huku anapofuatilia kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria huulizwa asili yake, na safari ya kuithibitisha asili hiyo huanzia kwa viongozi wa kijiji chake. Neno "huyu ni wetu" likitoka kinywani mwa mwenyekiti linaweza kumpa mtu nchi. Likikosekana, linaweza kumwacha bila nchi.

Sasa fikiria neno hilo limewekwa mikononi mwa mtu aliyechaguliwa na theluthi moja ya kijiji, na theluthi mbili zilizobaki zinajua kwamba anajua hazikumchagua. Hata akiwa mwadilifu kupita wote, atatiliwa shaka. Akiwa si mwadilifu, hana sababu ya kuwatafuta wale wengine, kwa kuwa theluthi yake inatosha kumrudisha. Kura ya vipaumbele inabadili hesabu hiyo. Mgombea anayejua kwamba huenda akahitaji chaguo la pili la jirani wa ukoo mwingine, wa dhehebu jingine au wa chama kingine, hawezi kupita mlangoni kwake akimtukana. Atabisha hodi.

Kuna pingamizi ambalo husemwa haraka: wananchi wetu hawataelewa. Historia ya nchi hii haikubaliani nalo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Watanganyika walipiga kura tatu. Kila mpigakura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja kwa pamoja. Ulikuwa utaratibu wa kibaguzi, na TANU iliugomba sana kabla ya kukubali, katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kuingia humo humo na kushinda. Ni kweli kwamba wapigakura wa wakati ule walikuwa wachache waliotimiza masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Lakini ulipofika mwaka 1965, watu wazima wote wakiwa na haki ya kura na wengi wao hawajui kusoma, kila jimbo lenye ushindani lilisimamishiwa wagombea wawili wa TANU, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Wakulima wakazitofautisha alama hizo barabara kiasi cha kumwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani.

Mfano wa 1965 una funzo la pili ambalo hatulitazami vya kutosha. Kwa kuwa wagombea walikuwa wawili, mshindi alikuwa na zaidi ya nusu. Demokrasia ile ilikuwa finyu, maana wawili hao walikuwa wamechujwa na chama, lakini kigezo cha nusu kilikuwapo. Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, majina kwenye karatasi yaliongezeka na kigezo kikaachwa njiani. Hata kwa kiti cha Rais, ambako sharti la kuvuka nusu liliendelea kuwapo, tuliliondoa kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000. Tulipanua uwanja wa kuchagua bila kubadili namna ya kuhesabu. Kura ya vipaumbele inavikutanisha hivyo viwili: wagombea wengi kadiri watu wanavyotaka, na mshindi aliyekubaliwa na zaidi ya nusu.

Majirani zetu wa Biharamulo wanaweza kutushuhudia kwamba ushindani vijijini kwetu si ndoto. Jimbo la Biharamulo Magharibi lilimchagua mbunge wa TLP mwaka 2005, likamchagua wa CCM katika uchaguzi mdogo wa 2009, likamchagua wa CHADEMA mwaka 2010, kisha likarudi CCM mwaka 2015. Wapigakura waliobadili mawazo namna hiyo si watu wasiojua wanachokitaka. Ni watu wenye chaguo la kwanza, la pili na la tatu, ambao karatasi imewaruhusu kutaja moja tu.

Vyama navyo vimehangaika na tatizo hili bila kulitaja kwa jina. Ushirikiano wa UKAWA, uliozaliwa ndani ya Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, ulitumia nguvu nyingi kuachiana maeneo ili kura zisigawanyike, na palipokosekana maelewano wagombea wa upande mmoja walisimama dhidi ya wenzao. Chama tawala hakikusalimika pia. Kila baada ya kura zake za maoni wapo walioshindwa wanaohamia chama kingine na kuondoka na sehemu ya wapigakura. Kwa kura ya vipaumbele hakuna haja ya kumwomba mtu ajitoe. Asimame, apigiwe, na asipofaulu waliompenda waseme wenyewe waelekee wapi. Ndiyo maana sioni kwamba jambo hili ni la upinzani au la CCM.

Tazama pia Papua New Guinea, nchi ya vijiji vilivyotawanyika milimani na lugha zaidi ya 800. Kabla ya uhuru wake wa 1975 ilikuwa ikitumia kura ya vipaumbele. Ilipojitawala ikahamia kwenye wingi wa kawaida, na majimboni ambako makumi ya wagombea walisimama, watu wakawa wanaingia bungeni kwa chini ya moja ya tano ya kura, kila mmoja akitegemea ukoo wake tu. Nchi ile ikarudi ilikotoka: tangu uchaguzi mkuu wa 2007 mpigakura anaandika chaguo tatu. Chaguzi zao bado zina ghasia, na sitadai kwamba namba tatu kwenye karatasi zimewageuza malaika. Ninachodai ni kidogo zaidi, kwamba wakulima wasio na shule nyingi wameweza kuzitumia.

Pendekezo langu si kuilazimisha nchi nzima. Ni kuziruhusu serikali za mitaa zichague zenyewe. New Zealand ilifanya hivyo kwa sheria yake ya uchaguzi wa serikali za mitaa ya mwaka 2001: kila halmashauri iliachiwa kuamua ibaki na mfumo wa zamani au iingie katika wa vipaumbele. Tangu 2004 baadhi zimeingia, ukiwamo mji mkuu Wellington, na nyingi zimebaki zilikokuwa. Nchi haikugawanyika. Katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, wakazi waliupokea mfumo huu, wakautumia kumchagua meya mwaka 2006 na 2009, na matokeo ya mara ya pili yakazua malalamiko: aliyeongoza chaguo za kwanza alishindwa, na wapo waliosema hata mshindi angeangushwa na mgombea mwingine kama wangepambanishwa wawili tu. Mwaka 2010 wakazi wakaufuta. Mwaka 2021 wakapiga kura kuurudisha, wakianza na madiwani. Wengine husoma kisa hiki kama ushahidi dhidi ya kura ya vipaumbele. Mimi ninakisoma kama ushahidi wa faida ya kuamua mambo ngazi ya chini. Mji mdogo ulijaribu, ukakosea au ukadhani umekosea, ukarekebisha, na taifa halikutikisika.

Katiba yetu ya 1977, katika Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Hata hivyo kanuni za uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji hutungwa na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, na kijiji hakina sauti hata juu ya namna ya kuhesabu kura zake. Mwaka 2024 Bunge lilitunga Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo inaiona Tume kuwa msimamizi wa uchaguzi huo kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine. Uchaguzi wa Novemba ulifanyika bado ukiwa mikononi mwa TAMISEMI. Kwa hiyo kuna sheria inayosubiriwa, na uchaguzi ujao, kwa hesabu ya miaka mitano, ni wa 2029. Muda upo.

Ndani ya sheria hiyo ninaomba kifungu kifupi. Halmashauri ya wilaya, baada ya kupata ridhaa ya Mikutano Mikuu ya vijiji vinavyohusika, iruhusiwe kuazimia kwamba wenyeviti wa vijiji na vitongoji watachaguliwa kwa kura ya vipaumbele. Azimio lipitishwe walau mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, ili asiwepo wa kubadili kanuni baada ya kuona nani anaongoza. Lidumu kwa chaguzi mbili, kisha wananchi waulizwe kama waliendeleze au waliache. Karatasi ibebe alama za vyama na picha za wagombea, na asiyejua kuandika asaidiwe na mtu anayemwamini. Anayetaka kuandika 1 tu na kuishia hapo, kura yake ihesabiwe kuwa halali.

Nimeanza na kijiji na kitongoji kwa makusudi. Uchaguzi wa diwani unakusanya kura za vituo vingi, na kuhamisha chaguo za pili kutoka kituo hadi kituo ni kazi inayohitaji maandalizi. Kitongoji ni tofauti. Kura zake ni chache, wagombea ni wachache, na karatasi zinaweza kupangwa mafungu mezani, mbele ya mawakala na wananchi. Fungu dogo likifunguliwa na kila karatasi ikisomwa kwa sauti inakokwenda, kijiji kizima kinajifunza hesabu kwa kuitazama.

Sasa nifike kwenye pingamizi zito, ambalo sitalikwepa. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2024 malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, na chama hicho kikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, utapanga vipaumbele vipi kwenye karatasi yenye jina moja?" Ana haki. Kura ya vipaumbele haimrudishi aliyeenguliwa kwa sababu ya herufi iliyokosewa kwenye fomu. Haimpi nafasi asiye na chama, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema tangu Juni 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Haizuii sanduku kuingizwa karatasi zisizo zake. Anayekuambia kwamba namna ya kuhesabu inatosha kuponya uchaguzi anakuuzia dawa ya kikohozi wakati mguu umevunjika.

Lakini mgonjwa anaweza kuwa na mguu uliovunjika na kikohozi pia. Kudai wagombea wasienguliwe na kudai kura ihesabiwe kwa haki ni madai mawili yanayosaidiana. Nami ninaona la pili linaweza kulipa nguvu la kwanza. Leo anayeengua mgombea wa chama kidogo anajiambia kwamba huyo hakuwa na watu. Pale ambapo kura za mgombea huyo ndizo zinazoamua mshindi, walioongoza wote wawili wana sababu ya kutaka jina lake libaki, kwa kuwa kila mmoja anatumaini kurithi chaguo la pili la wafuasi wake. Mdogo anapata watetezi ambao leo hana.

Wazee wetu walisema penye wengi hapaharibiki neno. Hawakumaanisha wengi waliogawanyika mafungu matatu, fungu moja likayanyamazisha mengine mawili. Walimaanisha watu waliokaa, wakasikilizana, wakafika mahali ambapo hata asiyepata alichokitaka kwanza anaweza kusema, hili nalo nalikubali.

Siku niliyoagana na shangazi nilimchorea karatasi ya mfano kwenye daftari la mjukuu wake, majina matatu ya matunda, nikamwomba aweke namba. Aliandika 1 kwenye embe, 2 kwenye ndizi, akafikiri kidogo, kisha akaliacha papai wazi. Nikamuuliza kwa nini. "Hilo silitaki kabisa," akasema, "kwa nini nilipe namba?" Hakuhitaji semina. Anachohitaji ni sheria itakayompa karatasi hiyo mwaka 2029, kitongojini kwake, ikiwa na majina ya watu.